Jinsi Nilivyoiangusha Nyumba ya Elmu

Juzi nilikwenda ofisi moja mjini Kilifi kufuatilia hati ya shamba, nikaketi kwenye benchi la ukumbini kungoja jina langu liitwe. Sakafu ilikuwa imepakwa nta nyekundu asubuhi ile, ile nta ya mkebe inayosuguliwa kwa kumbi la nazi mpaka ing'ae. Harufu yake ikanipanda puani, ikafika machoni. Mama mmoja aliyeketi kando yangu akaniuliza kama naumwa, nikamjibu sina kitu. Kitu ninacho. Nimekaa nacho tangu kidato cha kwanza, na sikusudii kukitoa.

Wenzangu niliosoma nao wanaandika historia ya shule yetu. Wameomba kila mmoja alete kumbukumbu moja njema. Nimeitafuta hiyo njema, na kila nikitafuta naishika hii.

Shule yetu ilianzishwa na mwanamke wa Kiingereza. Picha yake ilitundikwa kwenye bwalo la chakula, midomo imebanwa kama mtu aliyeng'ata ndimu. Alianza na wasichana wachache chini ya paa la makuti, akaipanga shule vile alivyopangwa yeye kwao utotoni: nyumba nne, kila nyumba na kapteni wake, kila kapteni na viranja wake, na kikombe kimoja cha fedha cha kugombaniwa mwaka mzima. Nyumba akazipa majina ya miti ya kwao, Oki, Ashi, Wilo na Elmu, miti ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Mwingereza akaondoka, nchi ikapata bendera yake, walimu wakuu wakawa watu wetu wenyewe, lakini mpango haukuguswa. Kwenye nyasi za mbele ya bwalo walipita viranja peke yao. Sisi wadogo tulizunguka, hata mvua ikinyesha.

Barua ya kuitwa shule ilisema nimewekwa katika nyumba ya Elm. Mimi nilidhani karani amesahau herufi mbili. Nikamsomea hawe, ndivyo Wagiriama tuitavyo nyanya, nikamwambia nimepewa nyumba na jina lake ni Nyumba ya Elimu. Hawe ndiye aliyenilea kule Sabaki, maana mama aliolewa Lamu nikiwa bado nanyonya, na hakuwahi kurudi kunichukua. Hawe alikaa na habari ile siku nzima. Jioni alitoka dukani na kufuli mpya. Akanifungashia na ufagio wa chelewa, na kipande cha leso cha kutundika mlangoni. Akasema mtu aliyepewa nyumba hachelewi kuifagia, watu wasije wakasema hakufunzwa.

Siku ya kwanza shuleni, kapteni wa Elmu ndiye aliyelipekua sanduku langu la bati. Aliitwa Beatrice, msichana wa kidato cha tatu, mrefu, shingo ndefu, Kiingereza chake chapita puani. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno la lugha ya nyumbani, na sisi tuliamini kwamba kwao ni Nairobi. Aliuinua ufagio wangu juu, bweni zima likauona. Akauliza ni wa nini. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba ni wa nyumba yangu. Walicheka mpaka matroni akaja kuuliza kuna nini. Tangu siku ile nikaitwa Mama Mwenye Nyumba, na sikukasirika sana, kwa sababu kosa lilikuwa langu kweli. Nilikwenda hata nyuma ya bweni kuutafuta huo mti wa Elmu. Nikakuta kamba za kuanikia nguo.

Kila alasiri, baada ya michezo, Beatrice alitupanga sisi wa kidato cha kwanza kwenye veranda akatukaririsha historia ya shule. Mwasisi alifika vipi, akajenga nini, walimu wakuu kwa mfuatano wao, viranja wakuu kwa majina na nyumba zao. Aliyekosea alirudia amepiga magoti juu ya ile sakafu nyekundu. Mimi nimelelewa na mwanamke ajuaye koo za watu wa pande mbili za mto bila kusoma popote, kwa hiyo majina hayakunisumbua. Nilikuwa wa kwanza kuyamaliza. Na katika kuyarudia nikaona jambo ambalo hakuna aliyetufundisha: kila kiranja mkuu, tangu wa kwanza, alikuwa kapteni wa nyumba iliyochukua kikombe mwaka uliotangulia. Haikuandikwa kwamba ni sheria. Ilikuwa ni desturi tu. Elmu ilikuwa inashikilia kikombe, na Beatrice alikitia mng'aro kwa mkono wake mwenyewe kila Jumamosi.

Kisha ikafika siku ya wazazi.

Langoni waliwekwa makapteni wawapokee wageni, wayaandike majina yao, halafu wamtume mtu akamwite msichana anayetembelewa. Nilipiga pasi sare yangu usiku wake, nikaketi kwenye ngazi za bweni tangu saa tatu. Niliambiwa nisiondoke hapo mpaka niitwe, nami nikatii. Jirani yangu wa kitanda, Mwanakombo, msichana wa Barani kule Malindi, mwenye sauti ya kuimba kasida, aliitwa mapema. Mama yake na shangazi zake walikuja na sinia la pilau, wakanitumia salamu kwamba niende nikale nao. Sikuenda. Niliogopa hawe atakuja asinikute. Kengele ya saa kumi na moja ikalia, wageni wakaondoka, mimi bado niko kwenye ngazi.

Jioni ile tulikula pure yetu ya mahindi na maharagwe kama siku zote. Lakini kutoka meza ya viranja ilinijia harufu ya kuku wa tui, na ndimu, na bizari ya kusagwa kwa jiwe, na ndani yake moshi wa kuni za kwetu. Nilifumba midomo nikaivuta harufu ile. Nikajiambia kumbe hamu ya nyumbani ina harufu yake. Nikalia juu ya sahani, na Mwanakombo akaniwekea mkono mgongoni bila kuniuliza.

Likizo ilipofika nilikwenda Sabaki mbio. Hawe alinipokea kwa upole. Akanipa kiti cha wageni. Maji akanitilia katika kikombe cha wageni, akanikaribisha mara tatu, kama mtu aliyetumwa kutoka mbali. Nilidhani ndivyo watu wa sekondari wanavyopokewa, na kusema kweli nilijiona. Siku ya pili nilitaka kumsaidia kutwanga akasema niache, nitachafuka. Siku ya tatu nikamuuliza mbona hakuja siku ya wazazi. Alikuwa anakuna nazi juu ya mbuzi. Hakuacha.

"Nilikuja," akasema. "Nilivuka daraja kwa miguu alfajiri, Malindi nikapanda gari. Kuku nilimchinja kwa mkono wangu. Yule mwenzio mrefu langoni akakipokea chakula, akaingia ndani, akarudi. Akaniambia, 'Amesema hakujui. Amesema hana nyanya anayevaa hando.'"

Hando ni sketi ya marinda ya wazee wetu, inayofumuka kiunoni. Hawe hakuwahi kuvaa nguo nyingine maisha yake yote.

Nikamwambia ni uongo, sikuitwa, sikuambiwa, hakuna mtu aliyenifuata. Hawe akaigeuza nazi.

"Nilikwenda upande wa ua, nikachungulia," akasema. "Nilikuona. Umeketi kwenye ngazi, sare imenyooka. Nikasema nikiita nitamtia aibu mbele ya wenzake. Nikangoja uinuke. Hukuinuka."

Niliapa kwa kila kiapo nilichokijua. Nililia, nikamshika miguu, nikamweleza habari ya ngazi na ya kungoja kuitwa, nikamweleza hata harufu ya kuku. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimekusikia, mjukuu wangu." Na mimi, kwa umri ule, nilijua tofauti ya kusikiwa na kuaminiwa.

Nilirudi shule muhula wa pili nikiwa na jambo moja kichwani. Kumpiga Beatrice sikuweza, alinizidi kwa kila kitu. Kumshitaki kwa mwalimu mkuu sikuthubutu. Msichana wa kidato cha kwanza asingeaminiwa mbele ya kapteni, na shahidi wangu alikuwa mzee wa Sabaki ambaye langoni hawakumruhusu hata kukaa. Nilichokuwa nacho ni ile historia niliyokaririshwa kwenye veranda, na katika historia ile mlikuwa na mlango.

Alama za nyumba zilisomwa kila Jumatatu asubuhi mbele ya shule nzima. Msichana akichelewa, nyumba yake inapoteza. Beji ikikosekana, kitanda kikipinda, bomba likiachwa wazi, neno la Kigiriama likisikika karibu na mwalimu, nyumba inapoteza. Aliyekosa ni mmoja, wanaokatwa ni wote. Mwasisi wetu alidhani kwa njia hiyo wakubwa watawachunga wadogo. Hakufikiria kwamba mdogo wa mwisho, asiye na cheo wala nguvu, amepewa mkononi panga la kuikata nyumba nzima.

Nilianza kidogo kidogo. Nilifika mstarini kengele ikiwa inamalizika, nikihema, nikiomba radhi. Nilizifumua nyuzi za beji yangu kwa jino, ikaanguka njiani kwenda kanisani. Nilitandika kitanda vizuri mno, halafu nikasikia viatu vya matroni mlangoni nikaikanyaga ncha ya shuka. Nilimsalimia mpishi kwa Kigiriama wakati mwalimu wa Kiingereza anapita. Nilipigishwa magoti, nilikata nyasi, nilinyimwa chai, na kila adhabu niliipokea nimeinamisha kichwa, nikihesabu kimoyomoyo. Beatrice aliniita mjinga wa shamba. Nikamjibu ndiyo, dada. Akanipa msichana wa kuniamsha mapema, nikawahi siku mbili, ya tatu nikasahau soksi.

Muhula wa pili ulipoisha Elmu ilikuwa ya tatu. Muhula wa mwisho ukaanza, tukawa wa nne, na hapo nikajifunza sehemu ya mpango ambayo sikuikariri. Nyumba ya mwisho ilisafisha vyoo kila Jumamosi. Si kapteni. Walisafisha wadogo wake. Mwanakombo alikuwa na pumu, na ile dawa nyeupe ya chooni ilimkaba. Alikuwa akitoka nje, anashika ukuta, anavuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi, halafu anarudi ndani na ndoo. Nilimchukulia zamu zake nilivyoweza. Lakini kuipotezea nyumba alama sikuacha.

Siku moja alinikuta ninafumua beji. Nikamweleza yote, nikidhani ataniona shujaa. Mwanakombo akaketi kitandani mwake, akavua mtandio, akaukunja taratibu.

"Huyo Beatrice hata choo hakijui kilipo," akaniambia. "Unayemlipiza ni mimi, Jumwa."

Hakumwambia mtu. Lakini siku ya pili yake alimwomba matroni kitanda kingine karibu na dirisha, akasema ni kwa ajili ya kifua chake. Tulimaliza shule miaka mitatu baadaye tukisalimiana kama watu wa mtaa mmoja. Hilo ni deni langu. Ninalikubali, na silitupi kwa mwingine. Tena nasema kweli: siku ile alipohama kitanda nililia, na siku iliyofuata nikachelewa mstarini tena.

Jumatatu ya mwisho ya mwaka walisoma alama zote. Kikombe kilikwenda Wilo. Elmu ilikuwa ya mwisho kwa pengo ambalo mwalimu alilisoma mara mbili, akidhani ameona vibaya. Kisha mwalimu mkuu akamtangaza kapteni wa Wilo kuwa kiranja mkuu wa mwaka ujao, akaongeza, kwa sauti ile ile ya kusoma matangazo, kwamba Elmu itapewa kapteni mpya, kwani aliyepo ameshindwa kuichunga nyumba yake. Beatrice alitembea mbele ya shule nzima kwenda kuivua beji ya ukapteni. Wakati wa kurudi alikatiza kwenye nyasi kwa mazoea. Mwalimu akamwita, akamwambia azunguke. Akazunguka. Nimeona harusi nyingi na nimezaa watoto wangu mwenyewe, lakini mambo niliyoyatazama kwa furaha kama ile hayafiki matatu.

Mchana wake alinikuta chumba cha masanduku ninafungasha. Macho yalikuwa yamevimba. Hakupiga kelele. Alisema amekaa na daftari la alama tangu asubuhi, na kila ukurasa una jina langu, na hakuna mtu awezaye kuwa mjinga kiasi hicho bila kukusudia. Akauliza amenikosea nini. Aliuliza kama mtu asiyekumbuka, na nafikiri hakukumbuka kweli. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Nikamtazama, nikamjibu kwa Kigiriama, neno moja: "Sikumanya." Sikujui.

Nilitegemea atakunja uso kama mtu aliyesikia lugha ngeni. Hakukunja. Neno lilimwingia moja kwa moja, bila kupitia kwa mkalimani yeyote, nikaliona likifika. Aliketi juu ya sanduku la mtu akalia, mabega yanaruka, kamasi zinamshuka bila kuzifuta. Nilimaliza kufunga sanduku langu taratibu. Nikatia kufuli. Nikampita.

Njia nzima nilijua ninampelekea hawe zawadi. Nilifika Sabaki, nikamkuta jikoni, nikamwaga habari yote kabla ya kuvua viatu. Nilitazamia kwamba ataniasa, kama wazee walivyozoea kuasa vitabuni. Hawe akaacha mwiko.

"Alilia vipi?" akauliza. "Nionyeshe."

Nikaketi juu ya kinu nikamwonyesha: mabega, kamasi, mkono uliokosa pa kujishika. Hawe akacheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa ncha ya leso yake ya kisutu. Akataka nirudie pale alipoambiwa azunguke nyasi. Nikarudia. Akataka tena.

Ndipo aliponiambia kilichotokea langoni kabla ya chakula kupokewa. Alipomwona yule msichana mrefu alimjua kwa shingo. Alimsalimia kwa Kigiriama mbele ya wageni wengine na makapteni wenzake, akamuuliza kama yeye si mjukuu wa Mbodze wa kule Magarini, maana Mbodze alicheza naye ngoma wakiwa wasichana, na alikuwa na shingo ile ile. Msichana akajibu kwa Kiingereza. Hawe akadhani hakusikia, akauliza tena kwa sauti zaidi.

Kwa hiyo Beatrice naye alikuwa na nyanya mwenye hando, amemficha nyuma ya Kiingereza chake, na nyanya wangu alikuja kumtoa hadharani pasipo kujua. Nimelifikiria hilo miaka mingi. Naelewa hofu aliyokuwa nayo, kwa kuwa mimi pia nilipewa jina la kuchekwa katika bweni lile. Kama angenifukuzia mgeni wangu tu, labda leo ningemsamehe. Lakini aliingia ndani, akahesabu muda wa kwenda na kurudi, akatoka na maneno akayatia kinywani mwangu. Kisha akala yule kuku. Yeye sasa ni mama mtu mzima, ana heshima zake Mombasa, na yumo miongoni mwa hao wanaoandika historia. Mwaka jana alinitumia salamu kwa mtu, akasema tulikuwa watoto. Sikuzijibu. Mimi nilikuwa mtoto. Hawe hakuwa mtoto.

Hawe hakuja tena shuleni, si mwaka ule wala miaka iliyofuata, ingawa kila muhula nilimpelekea tarehe na nikamwandikia barua ya kumwonyesha mtu wa langoni. Alisema miguu. Alisema mahindi. Lakini kila likizo, nikishafika na kutua mzigo, alivuta kigoda akaniambia nimpe habari ya yule msichana. Nami nilimpa, na kila mara nilizidisha: machozi yakawa mengi zaidi, nyasi zikawa pana zaidi, mwalimu akamzungusha mara mbili. Alicheka pale pale pa siku zote. Na kicheko kilipokwisha alijifuta macho, akakaa kidogo, akaniuliza swali moja lile lile, kwa sauti ndogo, kama anauliza kama chumvi imetosha.

Mara ya mwisho nilikuwa nimeshaajiriwa. Alilala kwenye kitanda cha kamba, amekonda, uso umeelekea mlangoni. Aliitaka habari yake. Nikamsimulia yote, polepole, sikuruka hata kitu. Alicheka bila sauti, kifua tu kikipanda na kushuka. Kisha akanishika kiganja.

"Lakini wewe hukusema hunijui?"

"Sikusema, hawe."

"Haya," akasema, akageukia ukuta.